Sheria na Haki Chini ya Kuba Moja

Kila nyumba hujengwa kwa ajili ya kazi fulani, na kazi hiyo ikiisha, aghalabu nyumba nayo hufa. Ghala lisilotiwa tena bidhaa huwa makao ya panya, na duka lililohamwa huanguka bati moja baada ya jingine. Hata hivyo ziko nyumba chache ambazo watu hukataa kuziacha zife, ingawa kazi yake ilikwisha zamani. Miongoni mwa hizo ni mahakama za kale. Ndani yake kiti cha jaji kingalipo, lakini hakuna jaji anayekikalia. Kizimba cha shahidi kingalipo, lakini hakuna shahidi anayeapishwa. Milango hufunguliwa kila asubuhi, na wanaoingia si wadai wala wadaiwa, bali ni wageni na wanafunzi waliokuja kutazama.

Kama mahakama ya namna hiyo ilitoa haki siku zote, hatuna neno la kubishania, kwa kuwa kila mtu hupenda kutunza ukumbusho wa wema. Lakini tuseme mahakama hiyo ilidhulumu. Tuseme watu waliingia humo wakiwa na haki yao wakatoka mikono mitupu, na dhuluma waliyotendewa ikaandikwa kwa wino mzuri na kupigwa muhuri wa serikali. Je, nyumba kama hiyo yastahili kutengenezwa na kupakwa rangi kwa fedha za umma, au yafaa ibomolewe na mahali pake pasahauliwe? Hilo ndilo swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji. Usilijibu upesi. Lina pande mbili, na kila upande una watu wenye akili na nia njema.

Ili tusibishane bila msingi, na tuitazame nyumba moja iliyo kweli na inayojulikana. Katika nchi ya Marekani, jimbo la Missouri, ukingoni mwa mto Mississippi, upo mji uitwao St. Louis. Katikati ya mji huo lipo jumba kubwa ambalo wenyeji huliita Mahakama ya Kale. Kiwanja chake kilitolewa mwaka wa 1816 na matajiri wawili, Auguste Chouteau na John B. C. Lucas, ili kiwe mahali pa mahakama. Ujenzi wa jumba lenyewe ulianza mwaka wa 1839 ukaendelea kwa vipindi mpaka mwaka wa 1862, lilipokamilika na kuvikwa kuba la chuma. Limejengwa kwa mfano wa mahekalu ya Wayunani wa kale: nguzo nene mbele, ngazi pana za mawe, na juu yake kuba refu linaloonekana kutoka mbali. Waliolijenga walitaka kila mpita njia ainue macho na kukiri kwamba hapo ndipo makao ya sheria.

Sasa tuangalie yaliyotendeka hapo. Missouri lilikuwa jimbo la utumwa. Tajiri alipokufa, na mali yake ikasimamiwa na mahakama ili madeni yalipwe na warithi wapate sehemu zao, watumwa wake walihesabiwa pamoja na ng'ombe wake na vyombo vyake vya nyumbani. Kisha waliletwa wakapandishwa kwenye ngazi zile za mawe, wakauzwa kwa mnada mchana, mbele ya nguzo za hekalu la sheria. Hapakuwa na jambo la siri. Tangazo lilitolewa, bei ilitajwa, hati iliandikwa, na aliyenunua alikwenda zake na mtu aliyemnunua. Mambo yote yalikuwa halali.

Lakini sheria za jimbo hilo hilo zilikuwa na mlango mwingine. Mtu aliyeshikwa utumwani pasipo haki aliruhusiwa kuishitaki dhuluma hiyo mahakamani na kudai uhuru wake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 mashauri ya namna hiyo zaidi ya 300 yaliletwa mbele ya mahakama ya St. Louis. Basi fikiri, msomaji, nyumba hiyo ilikuwa ya ajabu namna gani: nje, kwenye ngazi, mtu aliuzwa, ndani, chumbani, mtu kama yeye alisimama akadai kwamba hakuna mwenye haki ya kumwuza. Mbali ya ngazi na chumba ilikuwa hatua chache tu.

Tarehe 6 Aprili, 1846, mume na mke waliingia katika shauri la namna hiyo. Mume aliitwa Dred Scott, na mke aliitwa Harriet. Hawakujua kuandika, na kila mmoja aliweka alama ya msalaba mahali pa sahihi yake. Dred alizaliwa Virginia yapata mwaka wa 1799, akaletwa St. Louis na bwana wake wa kwanza, kisha akauzwa kwa daktari wa jeshi aliyeitwa John Emerson. Daktari huyo alihamishwa kutoka ngome moja hadi nyingine, na katika baadhi ya ngome hizo alimchukua Dred. Walikaa Illinois, jimbo lisiloruhusu utumwa. Tena walikaa katika ngome ya Fort Snelling, kaskazini, katika eneo ambalo Bunge la Marekani lilikuwa limepiga marufuku utumwa tangu mwaka wa 1820. Huko Dred alimwoa Harriet, na baadaye wakapata mabinti wawili, Eliza na Lizzie. Daktari alikufa mwaka wa 1843, na mjane wake akaendelea kuwashika kama mali.

Madai yao hayakuwa mageni. Tangu mwaka wa 1824 Mahakama ya Juu ya Missouri ilikuwa na kanuni iliyojulikana kwa kila wakili: mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kukaa katika nchi huru huwa mtu huru, na kurudi kwake Missouri hakumtii kongwa tena. Mwaka wa 1836 mahakama hiyo ilikuwa imemwachia huru mwanamke mmoja aliyeshikwa na ofisa wa jeshi kwa hali iliyofanana sana na hii. Kwa hiyo Dred na Harriet hawakuomba huruma, wala hawakutaka sheria mpya itungwe kwa ajili yao. Waliomba sheria iliyokuwapo itimizwe.

Shauri lilisikilizwa mwaka wa 1847, wakashindwa. Hawakushindwa kwa sababu madai yao yalikuwa ya uwongo. Walishindwa kwa sababu shahidi aliyeitwa kuthibitisha kwamba mjane ndiye aliyewakodisha kwake alionekana kuwa hajui jambo hilo mwenyewe. Mkewe ndiye aliyelipanga, naye alilisikia tu. Basi ikawa, kwa ukosefu wa shahidi mmoja aliyefaa, watu waliachwa katika utumwa wa mtu ambaye mahakama haikuthibitishiwa kwamba ndiye bwana wao. Jaji aliruhusu shauri lisikilizwe upya. Lakini mwaka wa 1849 St. Louis ulipatwa na moto mkubwa na maradhi ya kipindupindu, na mambo yakakawia. Katika muda huo ofisa wa mahakama aliwakodisha Dred na Harriet kwa watu wengine, na ujira wao ukawekwa mikononi mwa serikali, ungoje ijulikane wao ni mali ya nani. Walifanya kazi kila siku, na hawakupata hata senti ya jasho lao.

Mwezi wa Januari, 1850, shauri lilisikilizwa tena. Raia 12, wote wanaume weupe, waliapishwa kusikiliza ushahidi na kuamua. Walisikiliza, wakaamua kwamba Dred Scott ni mtu huru. Nakuomba usiipite habari hii kwa haraka. Katika mji uliouza watu kwenye ngazi za mahakama, watu 12 wa mji huo huo, waliozaliwa katika desturi zake na kula matunda yake, walitazama ukweli wakausema.

Furaha hiyo haikudumu. Mjane alikata rufani, na mwaka wa 1852 Mahakama ya Juu ya Missouri ikaitangua hukumu, majaji wawili wakikubaliana na mmoja akikataa. Je, sheria ilikuwa imebadilika? La. Bunge la jimbo halikuitunga upya. Majaji wenyewe walieleza kwamba nyakati si zile za zamani: ugomvi juu ya utumwa ulikuwa umekua kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, nao hawakutaka tena kuheshimu sheria za majimbo yaliyouchukia utumwa. Kanuni ya miaka 28 ilitupwa kwa sababu upepo wa siasa uligeuka. Shauri likapelekwa katika mahakama za taifa, na tarehe 6 Machi, 1857, Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu kwa majaji saba dhidi ya wawili. Jaji Mkuu, Roger B. Taney, alisema kwamba mtu wa asili ya Afrika, awe mtumwa au awe huru, si raia wala hawezi kuwa raia, na kwa hiyo hana ruhusa ya kushitaki katika mahakama za taifa. Akaongeza kwamba Bunge halikuwa na mamlaka ya kuuzuia utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Wale majaji wawili, John McLean na Benjamin Curtis, walipinga kwa maandishi marefu. Curtis alionyesha kwamba katika majimbo matano watu weusi walio huru walikuwa na haki ya kupiga kura wakati Katiba ilipokubaliwa. Inawezekanaje basi kusema kwamba hawakuwa miongoni mwa watu walioifanya?

Sasa tazama mwisho wake. Miezi michache tu haikupita, Dred na Harriet na binti zao walikuwa wamehamishiwa mikononi mwa Taylor Blow, mtoto wa yule bwana wa kwanza wa Dred, naye tarehe 26 Mei, 1857, akawaacha huru. Jambo hilo lilifanyika wapi? Katika mahakama ya St. Louis. Uhuru ambao Mahakama ya Juu ya nchi nzima iliwanyima kama haki, waliupokea kama zawadi mahali pale pale walipoanza kuudai. Dred alifanya kazi ya mpagazi wa hoteli, akafa kwa kifua kikuu tarehe 17 Septemba, 1858, baada ya kuonja uhuru kwa muda usiotimiza mwaka mmoja na nusu. Harriet, ambaye maisha yake yalikuwa ya kufua nguo za watu, aliishi mpaka mwaka wa 1876. Aliyaona mabadiliko ya Katiba ya mwaka wa 1865 yaliyoukomesha utumwa, na yale ya mwaka wa 1868 yaliyosema kwamba kila aliyezaliwa katika nchi ile na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Hukumu ya Taney ilikuwa imefutwa, lakini ilifutwa baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu ya watu.

Jumba liliendelea na kazi yake. Mwaka wa 1872 mwanamke mmoja wa St. Louis, Virginia Minor, alikwenda kuandikishwa apige kura, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alitaka kushitaki. Lakini mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa na sheria kuleta shauri peke yake, ikampasa mumewe asimame pamoja naye. Walishindwa hapo, na mwaka wa 1875 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana na hukumu hiyo. Haki aliyoitafuta ilikuja katika Katiba mwaka wa 1920, naye alikuwa amekwisha kufa. Mahakama ilihamia jengo jipya mwaka wa 1930. Warithi wa matajiri waliotoa kiwanja walidai warudishiwe. Mitaa karibu 40 iliyokuwa karibu na hapo ilibomolewa ili pawe na bustani ya ukumbusho wa taifa, lakini jumba hili liliachwa, na mwaka wa 1940 likatiwa katika hifadhi hiyo likawa makumbusho.

Basi turudi kwenye swali letu. Mtu mmoja atasema: bomoeni. Nyumba iliyouza watu haina uzuri, hata nguzo zake ziwe nyeupe kama theluji. Kuitunza ni kuipa heshima, na kuipa heshima ni kuwatukana mara ya pili waliouzwa hapo. Neno hili lina uzito, na asiyeuhisi uzito wake hajafikiri. Lakini nadhani mtu huyu amechanganya vitu viwili: kitu kilichowekwa ili kusifu na kitu kilichobaki ili kushuhudia. Mbele ya jumba la serikali huko Annapolis, katika jimbo la Maryland, palisimamishwa sanamu ya Jaji Taney mwaka wa 1872. Sanamu haina kazi nyingine ila kumwambia mpita njia: mheshimu huyu. Mwaka wa 2017 iliondolewa, na historia haikupungukiwa na kitu, kwa maana hukumu yake ingali inasomwa. Mahakama ya St. Louis si sanamu. Haisemi: waheshimuni waliokaa hapa. Yasema: mambo haya yalitendeka hapa. Kuiondoa sanamu ni kukataa kusifu. Kuibomoa mahakama ni kumwondoa shahidi kizimbani. Na ni nani apendaye shahidi aondolewe? Mara nyingi ni yule aliyetenda kosa, au mrithi wake anayetaka kulala usingizi.

Tena iko njia ya katikati. Huko Johannesburg, nchini Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilijengwa mahali palipokuwa na gereza la kale walimofungwa Mohandas Gandhi na Nelson Mandela kwa nyakati mbalimbali. Sehemu moja ya gereza ilibomolewa, na matofali yake yakatiwa katika kuta za mahakama mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2004. Sehemu nyingine zikaachwa ziwe makumbusho. Kwa hiyo jaji anayeketi hapo akiinua macho aona matofali ya gereza. Hawezi kusema hakujua sheria yaweza kufanya nini ikiwa katika mikono mibaya.

Mtu mwingine atasema: tunzeni, maana ni jengo zuri. Huyu naye nina neno naye, na labda ni zito kuliko la kwanza. Nyumba ya dhuluma ikitunzwa kwa sababu ya uzuri wake tu, hugeuka kuwa uwongo. Mbao zikisuguliwa zikang'aa, na taa zikawashwa chini ya kuba, mgeni aweza kuzunguka saa nzima akasifu ufundi wa waashi, akatoka asijue kwamba alizikanyaga ngazi za mnada. Jua ya kwamba chumba chenyewe aliposikilizwa Dred Scott hakipo tena. Kiligawanywa katika miaka ya 1850 jengo lilipotengenezwa, na vyumba vya hukumu wanavyoonyeshwa wageni ni vingine. Mlinzi mwaminifu wa makumbusho hana budi kulisema hilo. Na jua pia kwamba sanamu ya Dred na Harriet, wakiwa wamesimama pamoja mbele ya jumba, iliwekwa mwaka wa 2012, yaani miaka 72 baada ya jumba kuwa makumbusho. Kuta zilikumbukwa mapema. Watu walichelewa kukumbukwa. Jumba lilifungwa likatengenezwa tena, na mwaka wa 2025 likafunguliwa likiwa na maelezo mapana juu ya utumwa na juu ya mashauri ya uhuru. Hayo ndiyo matengenezo yanayofaa kuliko rangi.

Kwa maoni yangu, basi, nyumba hiyo yapaswa kutunzwa, lakini kwa sharti moja: ukweli utunzwe pamoja nayo. Na sababu kubwa ya maoni yangu si majonzi. Ni fundisho ambalo sioni mahali pengine linapoonekana wazi zaidi. Tumezoea kusema "sheria imesema," kana kwamba sheria ni mtu mwenye kinywa. Katika habari ya Dred Scott sheria haikusema neno lolote peke yake. Watu 12 wa mwaka wa 1850 na majaji wawili wa mwaka wa 1852 walikuwa na sheria moja mbele yao, jimbo moja, mdai mmoja, na ushahidi mmoja. Wale wakamwachia huru, hawa wakamrudisha utumwani. Tofauti haikuwa katika kitabu. Ilikuwa katika mioyo ya waliokisoma. Sheria haina mikono. Watu ndio waipindao na watu ndio wainyoshao, na kila mmoja wao hutoa hesabu kwa lile alilolifanya, hata kama alivaa joho.

Huenda kijana mmoja akaniuliza: Dred alipata faida gani kuhangaika miaka 11? Je, si kweli isemwavyo kwamba mnyonge hana haki? Namjibu hivi. Kama Dred na Harriet wangalinyamaza, dhuluma yao ingalibaki jambo la nyumba moja, kama zilivyobaki dhuluma za maelfu ambao majina yao yalizama. Walipodai, waliilazimisha serikali ieleze kwa maandishi kwa nini mtu asiwe mtu. Maelezo hayo yalipotoka, yalikuwa mabaya hata watu wengi waliokuwa wamelala waliamka. Mnyonge huyo alishindwa shauri, lakini alimfanya mwenye nguvu ajifunue. Mabadiliko ya mwaka wa 1868 yaliandikwa kuijibu hukumu iliyotolewa juu yake. Sisemi kwamba kila anayedai haki ataishi aione. Dred hakuyaona mabadiliko hayo. Nasema kwamba haki isiyodaiwa haina hata kumbukumbu.

Usidhani, msomaji, kwamba habari hizi ni za ng'ambo peke yake. Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, lipo jengo la mahakama ya kale lililojengwa mwaka wa 1902, ambalo sasa liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Lilipojengwa, hali ya utumwa ilikuwa ingali inatambuliwa na sheria katika pwani yetu. Haikuondolewa mpaka mwaka wa 1907. Kwa hiyo kwa miaka mitano jengo hilo lilisimama katika mji ambamo neno "mtumwa" lilikuwa na maana mbele ya hakimu. Na Kapenguria, tangu mwezi wa Desemba, 1952, mpaka Aprili, 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, walihukumiwa katika chumba cha shule, kwa kuwa hapakuwa na mahakama ya kutosha mahali pale pa mbali palipochaguliwa makusudi. Hapakuwa na kuba wala nguzo. Shahidi mmoja mkubwa aliapa mwaka wa 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uwongo. Vyumba vidogo walimofungwa washitakiwa hao ni makumbusho tangu mwaka wa 1993. Wewe unayeketi darasani kila siku, kumbuka kwamba darasa liliwahi kugeuzwa mahakama. Dhuluma haihitaji jumba zuri, wala haki haihitaji.

Siku utakapoingia katika nyumba ya namna hiyo, usiridhike na kutazama kuta. Uliza ni nani aliyeruhusiwa kuketi, na ni nani aliyelazimishwa kusimama. Uliza ni nani hakuweza kuingia kabisa kwa jina lake mwenyewe, kama Virginia Minor. Uliza sheria iliyotumika humo ilitungwa na nani, na kama waliotawaliwa nayo waliulizwa neno. Kisha ujiulize swali la mwisho, ambalo ni gumu kuliko hayo yote: kama ungalikuwa mmoja wa wale 12, umezaliwa katika mji ule, umelelewa na mazoea yale, na jirani zako wote wakikutazama, ungalisema nini?

Siku moja wewe, au mwenzako aketiye karibu nawe, atakuwa hakimu, au karani, au polisi, au shahidi, au mwandishi wa sheria katika Bunge. Mahakama mtakazozitumikia nazo zitazeeka. Watoto watakuja kuzitembelea, watasimama mbele ya viti mlivyokalia, na mlinzi atawaeleza mliyoyatenda. Hamtakuwapo kujitetea. Basi andaeni utetezi wenu sasa, kwa kutenda haki wakati mtu mnyonge anaposimama mbele yenu na alama ya msalaba mahali pa sahihi yake.